Kola Zilizokosa Mlango

Baba Mdogo Namori alitoka kwenye lango la uani, akatembea kandokando ya ukuta huku kanzu yake ikizoa vumbi, akasimama kidogo kuvuta pumzi, kisha akageuka na kurudi kwenye lango lile lile, akabisha kama mgeni aliyetoka safari ya mbali.

"Hodi wenye nyumba!"

"Namori," alisema Mama Nansadi bila kuinuka kwenye kigoda chake, "umetoka hapa sasa hivi. Hata ulipokalia hapajapoa."

"Aliyetoka ni Namori wa upande wa bwana harusi. Huyu unayemwona ni Namori wa upande wa bibi harusi. Nimekuja kupokea kola."

"Kola kutoka kwa nani?"

"Kutoka kwa..." Mzee alikitazama kifurushi cha majani alichokikumbatia kifuani. "Haya, kutoka kwangu. Kwani ubaya uko wapi?"

Wanawake waliokuwa wakianika mpunga waliangua kicheko. Jikoni, Mizuho aliyekuwa akimenya karanga za mchuzi hakucheka. Alitega sikio mpaka shingo ikamuuma, maana maneno yaliyokuwa yakichezewa pale uani yalikuwa maisha yake.

Mkasa wenyewe ulikuwa hivi. Kola za posa, zile kokwa chungu za kutafuna, hutoka nyumba ya mwanamume kwenda nyumba ya mwanamke. Sasa Lansei, mwenye kuposa, alizaliwa katika nyumba hii ya akina Condé. Na Mizuho, mwenye kuposwa, alikuwa akilala katika nyumba hii hii, chumba kilichopakana na banda la ngoma, tangu siku aliposhuka katika mji huu wa Kurusa na begi moja mgongoni akimtafuta mwanamke aliyemwona akicheza jukwaani kwao Osaka, yeye akiwa bado msichana wa shule. Mwanamke yule alikuwa Mama Nansadi. Mama Nansadi alimtazama mgeni wake miguu kabla ya uso, akamwambia avue viatu, akampigia makofi acheze. Hakusifu chochote. Aliagiza tu aongezewe kijiko kwenye bakuli la chakula. Mvua za kwanza zilipokwisha akamwita imamu, akachinja kondoo, akampa binti yule jina la marehemu mama yake mzazi, Dusu. Tangu hapo Mama Nansadi akawa anamwita Mizuho "Mama", naye Mizuho anamwita Mama Nansadi "Mama", na mtaa mzima ulikwisha zoea kuwasikia wawili hao wakiitana hivyo kutwa nzima.

"Namori, kaa nikuambie," alisema Mama Nansadi. "Hizo kola zitatoka wapi ziende wapi? Zitoke sebuleni ziende jikoni? Yule binti ni mama yangu. Nimempa jina kwa mdomo wangu huu, mbele ya imamu na mbele yako wewe, na nyama ulikula. Kwa hiyo Lansei ni mjukuu wake. Lini umesikia mjukuu anamposa bibi yake?"

"Kila siku! Mjukuu gani hamwiti bibi yake mke wangu?"

"Kwa utani!"

"Basi mwenzio kaukamia utani. Mwache aoe."

Kicheko kikapanda tena, ila Mama Nansadi hakuwamo. Alikichukua kile kifurushi, akamrudishia shemeji yake kwa mikono miwili, kwa heshima zote, na kwa heshima hizo hizo akamtoa mpaka langoni.

"Rudi nazo. Saa kumi kuna mazoezi. Atakayechelewa asinijue."

Mizuho aliinamia karanga zake. Kwa misimu mitatu alikuwa amejifunza kuinua mguu upya, kushusha bega upya, mpaka kupumua alijifunza upya kwa mwanamke yule. Hakuwa amejifunza kumpinga. Angeanzia wapi?

Hapa lazima niwaambie jambo moja, la sivyo hamtawaelewa wapenzi hawa. Kurusa, kijana hamkodolei macho msichana mbele ya mama yake. Ataambiwa hana haya. Lakini mchezaji anapoingia katikati ya duara peke yake, kazi ya mpigaji wa ngoma ya mbele ni kumtazama. Asipoitazama miguu ataifuataje? Asipoyatazama mabega atajuaje kama pumzi ipo au imekwisha? Kwa hiyo kila siku alasiri, mbele ya mama yake na majirani wote, Lansei alikuwa akimtazama Mizuho bila kupepesa, na hakuna aliyeweza kumkemea. Kazi ni kazi. Alianza na miguu, kama inavyotakiwa. Baadaye akapanda magotini. Siku alipofika machoni, Mizuho alikosea hatua, Lansei akakosea pigo, na Mama Nansadi akawagombeza wote wawili kwa pamoja. Mapenzi yao yalianzia kwenye kugombezwa.

Jioni ile, watu walipopanga mstari na ngoma zikaanza kupashwa moto, Mama Nansadi alipita mbele ya wapigaji na kusema kama anayeagiza chumvi:

"Siaka apige ngoma ya mbele leo. Lansei, nenda nyuma kwenye dunduni."

Lansei alisimama na ngoma yake ikiwa bado imemning'inia kiunoni. "Mama, dunduni?"

"Umesahau inavyopigwa?"

"Hapana."

"Basi."

Dunduni ni ile ngoma kubwa inayolazwa na kupigwa kwa fimbo, nyuma ya wote. Mpigaji wake haoni chochote isipokuwa migongo. Mizuho alielewa. Hata kutazamwa amenyimwa!

Zamu yake ilipofika aliingia katikati. Siaka alikuwa mpigaji hodari, lakini hakuijua miguu yake. Alimtangulia pale alipotaka kungoja, akamngoja pale alipotaka kuruka. Mizuho alihisi kama anaongea na mtu anayemkatiza kila neno. Watu wakaanza kutazamana.

"Mabega!" alifoka Mama Nansadi. "Umeyaazima wapi hayo?"

Ndipo dunduni ikateleza. Kule nyuma, Lansei aliyekuwa anaisikia tu michakacho ya nyayo zake kwenye vumbi aliacha pigo lake, akaanza kuzifuata. Akiruka, dunduni inaruka. Akisita, nayo inasita. Ilikuwa tamu, jamani, msimuulize mtu. Mizuho alifumba macho na mwili ukamrudia wote. Lakini wapigaji wengine walipotea mmoja baada ya mwingine, fimbo zikabaki hewani, na wanawake wakashika midomo, maana hakuna mpigaji wa Kurusa afanyaye kosa lile. Dunduni haimfuati mchezaji. Dunduni ndiyo inayomshikia kila mtu njia. Kijana wa nyumba ya ngoma alikuwa amesimama mbele ya kadamnasi na kutangaza mapenzi yake kwa kuharibu wimbo mzima.

"Imetosha," alisema Mama Nansadi kwa sauti ndogo. Afadhali angefoka. "Nendeni majumbani kwenu."

Mizuho alimkuta Lansei nyuma ya banda, akizima moto wa kupashia ngoma kwa mchanga. Hakugeuka.

"Umeniaibisha," Mizuho alisema.

"Nimejiaibisha mwenyewe. Wewe ulikuwa unacheza vizuri."

"Ndiyo maana nimeona aibu. Nilikuwa nafurahi."

Lansei alicheka kidogo, halafu akageuka, na macho yake yakafanya yale waliyonyimwa uwanjani. Alimtazama usoni, taratibu, akianzia kwenye paji la uso lililolowa jasho, akiishia midomoni. Mizuho alishika ukuta. Mtu mzima, na bado akitazamwa na mwanamume huyu alijiona kama msichana aliyekosea darasani.

"Alfajiri kuna gari la Konakri," Lansei alisema.

"Konakri kuna nini?"

"Kuna watu wasiotujua. Tutafunga ndoa huko. Nani atauliza kola zilipita mlango gani? Halafu twende kwenu. Utanionyesha hiyo theluji yako."

"Na Mama?"

"Atanuna. Akichoka kununa atazoea."

"Lansei, nisikilize. Mimi sikuja Kurusa kukufuata wewe. Nilimfuata yeye. Wewe nilikukuta tu."

"Ahsante sana! Kumbe mimi kama kigoda. Ulinikuta tu."

"Nilikukuta, nikakupenda mpaka nalala vibaya. Lakini nikiondoka bila radhi yake, nitacheza nini huko? Nikiinua mkono, ni mkono wake. Nikipiga mguu chini, ni wake. Kila nikicheza nitakuwa navaa nguo ya mtu niliyemwibia."

"Kwa hiyo unamchagua yeye."

"Nakuchagua wewe. Ila nakutaka hapa, mchana, watu wakiona."

"Unamwogopa."

"Sana. Wewe humwogopi?"

Tabasamu lilimponyoka Lansei. "Mimi nilianza kumwogopa kabla wewe hujazaliwa."

"Umenizidi mwaka mmoja tu."

"Basi mwaka huo wote nilikuwa namwogopa."

Walicheka, na kicheko hicho ndicho kilichowaumiza zaidi, maana kilipokwisha hakuna kilichokuwa kimebadilika. Lansei alijifuta mikono kwenye suruali.

"Mimi nimechoka kukupenda kwa ruhusa ya mazoezi, Dusu. Nitakuwa kituoni alfajiri. Ukija, umekuja. Usipokuja..." Hakumaliza. Aliinama akapita chini ya kamba ya nguo na kwenda zake, na Mizuho akabaki ameutazama mgongo wake mpaka ukapotea.

"We mtoto wa wala kunde!" sauti ikaita nyuma ya ukuta. "Njoo huku."

Ilikuwa sauti ya Bi Nyalen Traoré, jirani, aliyekaanga bagia kwenye kichochoro kinachotenganisha lango lake na la akina Condé. Traoré na Condé ni watani tangu mababu. Traoré akimtukana Condé mla kunde, au akimwita mtumwa wake, Condé hana ruhusa ya kukasirika. Na akimwomba kitu, hana ruhusa ya kumnyima. Bi Nyalen aliitumia haki hiyo bila huruma, ingawa yeye mwenyewe bagia zake zilikuwa za kunde tupu. Akiambiwa hivyo hujibu, "Mimi nauza. Ninyi ndio mnaokula."

"Nimesikia yote," alisema Mizuho alipofika, akiigiza sauti ya jirani yake. "Usinikazie macho hivyo. Ukuta mfupi, masikio yangu marefu... Haya ndiyo ulitaka kuniambia, siyo, Mama Nyalen?"

"Eee! Leo umeniwahi!" Bi Nyalen alicheka, akageuza bagia. "Kaa. Umefanya vizuri kumkatalia. Unajua Bangali aliondokaje?"

Mizuho alimjua Bangali kwa simu tu. Alikuwa kaka yake Lansei, aishiye Ubelgiji, na kila Ijumaa baada ya sala alipiga simu na Mama Nansadi akajifungia chumbani kuongea naye.

"Alimwoa mwanafunzi, kama wewe," Bi Nyalen aliendelea. "Lisbet. Mtoto mzuri, mikono mirefu. Akala bakuli moja na Nansadi. Siku moja wakapanda gari la Konakri, wakaoana huko, wakapanda ndege. Nansadi akaapa, mke ambaye nyumba yangu haikumpelekea kola, mimi simjui. Umewahi kumsikia Ijumaa akimsalimia mkwe wake?"

Mizuho alifikiri. Hakuwahi, hata mara moja.

"Ana mjukuu wa kike kule ambaye hajamshika hata kidole. Jina la Dusu ni kisingizio tu, mwanangu. Anaogopa. Alifundisha mmoja, akachukuliwa mtoto. Sasa kafundisha wa pili."

Mafuta yalichemka. Mizuho alitazama lango la akina Condé, kisha akageuka kutazama lango la Bi Nyalen. Hayakuwa mbali. Mtu angeweza kurusha kiatu kutoka huku kikafika kule.

"Mama Nyalen, unaweza kuniiba?"

"Kufanya nini?"

"Kola zimekosa mlango wa pili. Wewe unao. Na Condé hawezi kukunyima kitu."

Bi Nyalen alimtazama na mwiko ukiwa hewani unadondosha mafuta. Kisha akacheka mpaka bagia zikaungua, akalia machozi, akajipangusa kwa ncha ya kitambaa.

"Nani kakufundisha ujanja huu?"

"Wala kunde."

"Sikuibi," alisema Bi Nyalen akijikausha macho. "Mtu haibi kilicho chake. Nenda kalale."

Mizuho hakulala. Alfajiri alisikia honi ya gari la Konakri kule kituoni, mara mbili. Alikaa kitandani akashikilia magoti yake. Kama yumo ndani ya gari lile, je? Kama ndiyo anakwenda hivyo? Honi ya tatu haikuja. Kukawa kimya, jogoo wakaanza, na hakuthubutu kwenda kutazama chumba cha Lansei.

Jua lilipopanda kidogo, lango likasukumwa kama linavunjwa.

"Nansadi! Mla kunde mkubwa! Mtumwa wangu yuko wapi?"

Bi Nyalen aliingia na mwiko wake begani kama bunduki. Nyuma yake wateja wa bagia, kila mmoja na bagia yake, hakuna aliyetaka kupitwa.

"Nyalen, asubuhi yote hii?" Mama Nansadi alitoka akijifunga kilemba. "Hata uji sijanywa."

"Uji wa kunde huo! Nipe mtumwa wangu. Huyo mnayemwita Dusu. Hivi mmewahi kumtazama vizuri? Anaamka mapema, hasemi ovyo, anakula kidogo. Lini mmemwona Condé anakula kidogo? Huyo ni Traoré! Mlimwokota njiani mkamficha, wezi ninyi!"

Uani palilipuka vicheko. Mama Nansadi alijikaza, akakunja uso, lakini mdomo ulimsaliti, akacheka naye.

"Mnyime, shemeji," Namori alichochea kutoka kwenye mkeka wake. "Mnyime tuone."

"Nimnyimeje, nipate laana bure? Mchukue! Mchukue na mabega yake mabovu! Jina la mama yangu abaki nalo, ukoo wenu mkampe..." Mama Nansadi akakwama katikati ya neno. Alimtazama Bi Nyalen. Alimtazama Namori, ambaye kifurushi cha majani kilikuwa kimemtokeza chini ya kanzu. Kicheko kikamkauka. "Ahaa. Nimewajua. Utani uishie hapo hapo."

Watu waliacha kutafuna, bagia midomoni.

"Mama," alimgeukia Mizuho, "ni wewe uliyemleta huyu?"

"Ndiyo, Mama. Ni mimi niliyemwomba."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu sitaki kupita njia ya Konakri."

Pale langoni kitu kilianguka. Lansei alikuwa amesimama, begi lake miguuni, uso wake wa mtu aliyekesha. Mizuho alimshukuru Mungu kimoyomoyo. Hajaondoka. Yupo.

"Na wewe unatoka wapi na begi?" mama yake alimuuliza.

"Kituoni."

"Kufanya nini?"

"Kuachwa na gari."

Mtu mmoja alicheka, akakanyagwa mguu, akanyamaza. Mama Nansadi alikaa kwenye kigoda chake taratibu kama mtu mzee, na Mizuho hakuwahi kumwona mzee kabla ya siku ile.

"Yule wa kwanza nilimpa kila kitu," alisema. "Hatua zangu zote. Usiku akiumwa miguu namkanda mimi. Akazichukua, akamchukua na mwanangu. Sasa Bangali anapanga maboksi ghalani. Mikono ile! Mikono iliyokuwa ikiwatoa watu wa mji huu majumbani kwa ngoma! Na wewe utanipigia simu Ijumaa? Nitakuwa na simu mbili za Ijumaa, na uwanja usio na mtu?"

Machozi yalimtoka wazi, na hakuyafuta. Mizuho alipiga magoti mbele yake, akainamisha kichwa mpaka karibu na ardhi, kama walivyofanya kwao, kisha akakiinua, maana alilotaka kusema lilihitaji macho.

"Siwezi kukuapia kwamba hatutasafiri, Mama. Nina baba, amezeeka, nitataka amwone mume wangu. Nikiapa nitakuwa nadanganya, na wewe utajua. Wewe unajua mpaka nikidanganya hatua. Lakini tukienda tutakuaga, na tutarudi kwa lango hili hili. Na Lisbet..."

"Usimtaje."

"Namtaja. Lisbet hakukataa kola. Hakupelekewa. Na waliotakiwa kupeleka ni nyumba hii."

Hata kuku waliacha kuchakura. Hakuna mtu wa mtaa ule aliyewahi kumwambia Mama Nansadi neno kama hilo, wala mtoto wake, wala shemeji yake, wala Bi Nyalen mwenye ruhusa ya kumtukana apendavyo.

"Unanisema mimi?"

"Nakusema, Mama."

"Mbele za watu?"

"Ndivyo ulivyonifundisha. Ulisema ukiingia kwenye duara usicheze kwa kujificha."

Kwa mawazo Mizuho alikuwa amekwisha kuliona begi lake mgongoni na safari ya kurudi Osaka bila mume na bila mwalimu. Alingoja. Mama Nansadi alimtazama kwa muda mrefu, akiyatazama mabega yake kama kawaida yake, akiona kama yatashuka. Hayakushuka.

"Nyalen," hatimaye alisema, bila kugeuza macho, "una watumwa wangapi?"

"Kwani unataka wangapi?"

"Yule wa Ubelgiji. Yule ni wa nani?"

Kwa mara ya kwanza utani ulimpotea Bi Nyalen, macho yakamjaa machozi, kisha akaupata tena. "Wangu! Wa nani tena? Wazungu wote ni akina Traoré. Walipaushwa na baridi tu."

"Namori, hizo kola zinatosha?"

"Za mke mmoja."

"Kalete nyingine. Zitakwenda mafungu mawili. Na wewe Traoré," akamwambia Mizuho akipenga kamasi kwa ncha ya kanga, "unafanya nini kwangu? Kusanya vitu vyako uende kwenu. Kola hazipelekwi kwa mtu aliyekaa jikoni kwa mkwewe."

Ungedhani Mizuho amefukuzwa, kwa jinsi alivyokimbia. Alijaza begi, akasahau sabuni, akarudi, akasahau viatu. Lansei alimfuata mlangoni kumpokea mzigo, na mama yake akapiga ukelele:

"Weka chini! Wewe sasa ni mkwe wa watu kule. Unataka waseme una haraka?"

Waliachiwa hatua chache tu za kichochoro kutembea sambamba, yeye na begi lake, Lansei mikono mitupu hajui aiweke wapi.

"Ulikwenda kweli," Mizuho alinong'ona.

"Nilikwenda. Nilikaa siti ya mbele. Dereva akawasha gari, na mimi nikajikuta naomba Mungu usije."

"Usije?"

"Ungekuja ungekuwa mtu mwingine. Nikashuka."

Mizuho aliutazama uso ule mpaka akatosheka, mchana kweupe, kichochoro kimejaa watu, kisha akaingia kwa Bi Nyalen na lango likafungwa.

Haukupita muda likabishwa. Baba Mdogo Namori alikuwa nje, safari hii akitoka upande mmoja tu, kifua mbele, na nyuma yake wazee wa Condé. Alisema maneno yote ya posa bila kuruka hata moja, akaweka kola mbele ya Bi Nyalen. Bi Nyalen hakuzigusa. Alimgeukia Mizuho aliyekuwa amekaa mkekani, kitenge kimemfunika kichwa.

"Dusu Traoré. Wala kunde hawa wameleta kola, wanakutaka kwa kijana wao Lansei. Nile au nirudishe?"

Mizuho aliyajua maneno ya kujibu, aliyafikiria usiku wote. Sasa yalimbaki mawili tu, tena ya kunong'ona.

"Kula, Mama."

"Sikusikii. Mimi mzee."

"Kula!"

"Na walioko nje je, wamesikia?"

"KULA, MAMA!" alipaza sauti kwa pumzi yake yote, pumzi ile ya uwanjani, na vigelegele vikapokea huku na kule, na upande wa pili wa ukuta mtu akaanza kupiga ngoma kama mwendawazimu. Kila mtu alijua ni nani.

Katikati ya kelele zile, juu ya ukuta, kilitokea kilemba cha Mama Nansadi. Alikuwa amepanda juu ya kinu, simu ameiinua hewani kuelekea uani kwa Bi Nyalen, na siku hiyo haikuwa Ijumaa. Alipoirudisha sikioni alisikiliza kidogo, uso ukamlainika.

"Umesikia, Bangali? Ndiye mke wa mdogo wako huyo. Na hapa kuna fungu jingine la kola, lina mwenyewe. Haya nyamaza, mwanamume mzima unalia nini? Mpe simu mke wako nimsalimie."